Sura ya 6: Wenzake wako wapi?

Ami yangu alikesha na kompyuta kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa mwendeshaji wa zamu ya usiku katika chumba cha mashine cha chuo kimoja Uingereza, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980: kupachika tepu, kubadilisha diski, kukusanya karatasi zilizochapwa na kuzipanga kwa majina ya wenyewe. Mashine aliyoichunga ilikuwa VAX-11/780 ya kampuni ya Digital Equipment Corporation, DEC kwa kifupi, yenye kimo cha kabati la nguo na upana wa makabati mawili. Alipokuja likizo Mombasa, wengine walimuuliza habari za baridi na mpira. Mimi nilimuuliza habari za VAX.

Mwaka 2020, safari ziliposimama kwa ajili ya korona, ami alibaki Leicester, amestaafu, hatoki nje. Nikataka kumchangamsha. Nikaweka emuleta ya VAX kwenye kompyuta yangu mpakato, nikaisakinishia VMS, mfumo endeshi wake wa asili, kisha nikampigia simu ya video na kuielekeza kamera kwenye skrini. Alama ya dola, ile ambayo VMS huiweka mwanzo wa mstari kumwambia mtu kwamba iko tayari, ikawa inamsubiri. Ami akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia niandike SHOW NETWORK. Nikaandika. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja tu kwamba mtandao haupo.

"Ni yenyewe," akasema. "Lakini mwanangu, wenzake wako wapi?"

Mimi niliona nimeifufua mashine. Yeye aliona mtu aliyefungiwa chumbani peke yake. Kumjibu kulinichukua miezi mitatu, na yote niliyojifunza katika miezi hiyo nimeyaweka katika sura hii: namna ya kuichukua mashine ambayo chuma chake kimekwisha kuuzwa chakavu, na kuiweka tena kwenye waya mmoja na wenzake, hata kama kati yao pana bahari.

Mashine ndani ya mashine

Emuleta ni programu inayofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na saketi. VAX halisi ilisoma amri kutoka kwenye kumbukumbu, ikaifasiri kwa nyaya zake, ikaitekeleza, ikahamia amri inayofuata. Emuleta husoma amri ile ile, ikaifasiri kwa hesabu, ikatoa tokeo lile lile. Diski iliyokuwa na ukubwa wa sufuria la pilau la harusini huwa faili moja. Tepu nayo huwa faili. VMS ikiamka ndani yake huuliza: kichakataji kipo? Kipo. Diski ipo? Ipo. Saa ipo? Ipo. Basi inaanza kazi, bila njia ya kujua kwamba vyote hivyo ni mahesabu ndani ya kompyuta nyingine.

Emuleta niliyotumia ni SIMH. Ilianzishwa mwaka 1993 na Bob Supnik, aliyekuwa mmoja wa makamu wa rais wa DEC, naye aliijenga juu ya wazo la programu ya kuigiza mashine aliyokuwa ameshiriki kuiandika mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo SIMH huigiza mashine nyingi: PDP-1, PDP-8, PDP-11 na VAX za DEC, Nova ya Data General, IBM 1401, na nyinginezo. Ni kazi ya kuhifadhi yenye thamani kubwa. Maktaba huhifadhi kitabu. SIMH huhifadhi uwezo wa kukisoma.

Ila mashine za DEC hazikuumbwa kuishi pweke. Tangu VAX-11/780 ilipooneshwa kwa umma tarehe 25 Oktoba 1977, na hasa ndani ya miaka kumi iliyofuata, nguvu ya kampuni hiyo ilikuwa katika kuziunganisha. Mtumiaji wa mashine moja alinakili faili la mashine nyingine kwa kuandika jina la mashine hiyo na nukta pacha mbili mbele ya jina la faili. Alimtumia barua mtu wa jengo la pili kwa namna hiyo hiyo. Nusu ya ujuzi wa ami ulikuwa ujuzi wa majirani: nani anaitwa nani, yuko wapi, nani kalala na nani yu macho. Ukiihifadhi mashine moja bila jirani, umehifadhi mdomo bila mazungumzo.

Waya wa manjano

Ili kuwarudisha majirani, kwanza tujue walikaaje.

Tarehe 22 Mei 1973, katika maabara za Xerox PARC huko Palo Alto, California, Robert Metcalfe aliandika waraka ulioeleza mtandao aliouita Ethernet. Wazo lilikuwa na asili visiwani: chuo kikuu cha Hawaii kilikuwa tayari kikirusha data kwa redio baina ya visiwa, kwa mtandao ulioitwa ALOHAnet, ambapo kila kituo kilizungumza katika hewa moja na wengine. Metcalfe, pamoja na David Boggs, waliihamisha hewa hiyo wakaitia ndani ya kebo. Mwaka 1980 DEC, Intel na Xerox zikatoa kwa pamoja maelezo ya Ethernet ya megabiti 10 kwa sekunde.

Kebo yenyewe ilikuwa nene kama kidole, mara nyingi ya manjano, isiyozidi mita 500 kwa kipande, yenye alama kila baada ya mita 2.5. Penye alama ndipo palipotobolewa na kubanwa kifaa cha kuunganisha mashine. Hapakuwa na bwana wa waya. Mashine ikitaka kusema, ilisikiliza kwanza; kukiwa kimya, ilisema. Mbili zikisema kwa pamoja, zote zilinyamaza, kila moja ikangoja muda wa bahati nasibu, kisha ikajaribu tena. Aliyekulia barazani anaujua utaratibu huu bila kufundishwa. Na kama barazani, kila neno lilisikika na wote. Kila mashine ikachukua lililotajwa kwa jina lake na kuliacha lisiloihusu.

Neno moja la waya huo huitwa fremu. Ina anwani ya inayoambiwa, anwani ya inayosema, namba ya aina, kisha maneno yenyewe, yasiyozidi baiti 1500. Naomba msomaji aishike hiyo namba ya aina, maana ndiyo kiini cha taabu yote iliyonipata. Ikiwa 0800 kwa hesabu ya heksadesimali, ndani mna pakiti ya IP, lugha ya intaneti. Ikiwa 6003, ndani mna DECnet, lugha ya ukoo wa DEC. Ikiwa 6004, ndani mna LAT, lugha ambayo DEC iliitumia kuunganisha vituo vya skrini na kibodi. Zote tatu zilipita kwenye waya mmoja bila kugombana, na waya wenyewe haukuelewa hata moja.

Intaneti ya leo, nje ya nyumba yako, huelewa IP peke yake. Ukiikabidhi fremu ya 6003, ruta ya kwanza itaitupa.

Salamu kila sekunde 15

DECnet tuliyoitumia ni ya toleo la nne, lile lililoingia kwenye Ethernet mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anwani zake ni fupi kiasi cha kukaririka: namba ya eneo, nukta, namba ya mashine. Maeneo ni 63, na kila eneo lina nafasi 1023, kwa hiyo mtandao mzima hauwezi kuzidi mashine 64,449. Wakati huo hesabu hiyo ilionekana kama nchi nzima. Jina la mashine lisizidi herufi sita. Yangu niliiita KASA, nikaipa 3.7 na kazi ya ruta. Ya ami tuliiita PWEZA.

Hapa DECnet hufanya jambo ambalo nisingelitarajia. Kadi ya Ethernet hutoka kiwandani na anwani yake ya biti 48. DECnet huifuta na kuandika yake. Huchukua namba ya eneo, huizidisha kwa 1024, hujumlisha namba ya mashine, hugeuza baiti mbili za jibu na kuzitanguliza kwa AA-00-04-00. Kwa KASA ni 3 mara 1024, jumlisha 7: 3079, ambayo kwa heksadesimali ni 0C07. Basi kadi ya KASA ikawa AA-00-04-00-07-0C. Faida yake ni kwamba mashine ikijua anwani ya DECnet ya mwenzake, inajua pia anwani ya kadi yake, bila kuuliza mtu.

Tena DECnet ina adabu. Kila baada ya sekunde 15, kwa kawaida yake, kila mashine hutoa salamu kwenye waya. Si ujumbe, si ombi. Ni kusema tu kwamba nipo. Ruta husikiliza salamu hizo na kuweka daftari la waliopo. Salamu tatu zikipita bila kusikika, yaani sekunde 45, mwenye kukosekana hufutwa na tangazo hutolewa kwenye skrini ya mwendeshaji. Ami aliziita amkio. Alisema usiku wa manane, chumba kikiwa kitupu, alijua jengo la fizikia limezimika umeme kabla ya mlinzi wa jengo lenyewe kujua.

Bahasha ndani ya bahasha

Jaribio langu la kwanza halikuwa la kuvuka bahari. Nilitaka tu kompyuta mbili za nyumbani kwangu, Mombasa, zikiwa na emuleta mbili, zisalimiane kwa Wi-Fi. Nikaiambia SIMH iwashe kadi ya XQ, mfano wa kadi ya Ethernet ya DEC, nikaifunga kwenye Wi-Fi ya kompyuta. Usiku wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Usiku wa tatu nikafungua programu ya kunasa fremu nikaona KASA inatoa salamu kila sekunde 15 bila kukosa, na upande wa pili haifiki hata moja.

Kosa halikuwa la emuleta. Kituo cha Wi-Fi humtambua kila mgeni kwa anwani ya kadi aliyojiandikishia nayo mlangoni. Kompyuta yangu ilijiandikisha kwa anwani ya kiwandani, kisha KASA ikaanza kusema kwa AA-00-04-00-07-0C, jina ambalo mlango haukulijua. Kituo kikaitupa kila fremu, na kwa sheria zake kilikuwa na haki. Nilipotumia waya wa kawaida wa mtandao, salamu zikafika papo hapo. Somo likawa moja: mashine hizi zinahitaji waya wa kweli, au kitu kinachojua kujifanya waya wa kweli.

Kitu hicho ndicho VPN, mtandao pepe wa faragha. Wengi wanaijua kama njia ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa nyumbani. Kazi yake ya msingi ni kuchukua data, kuisimba ili asiisome mwingine, kuitia ndani ya pakiti ya IP na kuipeleka upande wa pili, ambako hufunguliwa. Ni barua iliyotiwa kwenye bahasha ya pili. Posta husoma bahasha ya nje tu, haina haja ya kujua ya ndani imeandikwa kwa lugha gani.

Lakini si kila VPN hukubali kila barua. OpenVPN, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na James Yonan mwaka 2001, ina namna mbili za kufanya kazi. Ya kwanza, tun, hubeba pakiti za IP peke yake. Ya pili, tap, huunda kadi pepe ya Ethernet na kubeba fremu nzima, na namba ya aina yake, iwe 0800 au 6003. WireGuard ya Jason Donenfeld, iliyoingia ndani ya kiini cha Linux mwaka 2020, ni nyepesi na ya kasi, ila hubeba IP tu. Anayetaka fremu hana budi kuweka juu yake tabaka jingine, kama vile VXLAN. Tinc na ZeroTier nazo zaweza kubeba fremu. Nilichagua OpenVPN na tap, kwa sababu nilitaka tabaka chache za kulaumu mambo yakiharibika.

Ikabaki swali la nani ampigie nani. Mitandao mingi ya simu kwetu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na mara nyingi ukitazama anwani uliyopewa utaona inaanza na 100.64 au jirani yake, fungu lililotengwa kwa kazi hiyo. Mteja wa namna hiyo aweza kutoka nje, lakini wa nje hawezi kumgongea mlango. Dawa ni kukutana kati. Nilikodi seva ndogo yenye anwani ya umma, nikaiwekea OpenVPN. Kompyuta yangu ikatoka Mombasa kwenda kwake, ya ami ikatoka Leicester kwenda kwake, na seva ikazifunga njia mbili hizo kuwa waya mmoja. Seva yenyewe haikuwa na VMS wala DECnet. Ilikuwa kebo ya manjano, basi.

Tena lile amkio la kila sekunde 15 lilikuwa na faida ya ziada. Ruta za mitandao ya simu husahau njia isiyotumika kwa muda, na wengi hulazimika kuweka kengele ya kuiamsha. Sisi hatukuhitaji. Adabu za miaka ya 1980 zilituwekea mlango wazi.

Fremu isiyoingia

Siku ya kwanza PWEZA ilipotokea kwenye orodha ya KASA nilipiga kelele hadi jirani akauliza kama kuna mtoto amezaliwa. Kutoka KASA niliandika SET HOST PWEZA, nikaulizwa jina na nenosiri na mashine iliyokuwa mezani kwa ami, nikaingia. Nikaandika amri fupi, nikapata majibu mafupi. Kisha nikaomba orodha ndefu ya mafaili. Mistari miwili ikatokea, skrini ikaganda.

Jambo hili humpata karibu kila mwenye kuanza. Bahasha ya nje ina uzito wake. WireGuard, kwa mfano, huongeza baiti 60 juu ya IP ya kawaida na 80 juu ya IP ya toleo la 6, ndiyo maana hujiwekea kikomo cha baiti 1420 ndani ya njia ya 1500. OpenVPN nayo ina uzito wake. Fremu ya DECnet iliyojaa haina nafasi ya kutosha ndani ya bahasha, na itifaki hizi za kale hazina njia ya kuuliza kikomo cha njia ni kipi. Zilizaliwa kwenye waya ambao kikomo chake kilikuwa kimoja kwa wote. Hivyo fremu ndogo hupita na kubwa hupotea bila taarifa. Mtu huingia, husalimu, huuliza saa. Akitaka kunakili faili, kimya. Ukiona dalili hiyo, usihangaike na nenosiri wala usisakinishe upya. Pima fremu.

Tiba yangu ilikuwa amri ya OpenVPN iitwayo fragment, ambayo huikata fremu vipande upande mmoja na kuiunga upande wa pili, kabla mashine haijajua. Nikaweka kikomo cha 1300 pande zote mbili, nikairudia orodha ndefu. Ikateremka yote.

Jambo la pili la kupima ni muda. Kati ya Mombasa na Leicester, kwenda na kurudi kulituchukua kama milisekunde 150. Kabla ya 2009 hali ingekuwa nyingine kabisa: data zetu zilitegemea setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 35,786, na kupanda na kushuka peke yake kulikula kama nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Mwaka huo kebo za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini. Bila hizo, zawadi ya ami ingebaki kuwa picha.

DECnet ilivumilia milisekunde 150 bila tabu, kwa kuwa ilibuniwa pia kwa laini za kukodi za mwendo wa polepole, na hupima yenyewe ucheleweshaji na kujirekebisha. LAT haikuwa hivyo. Saa yake ya kawaida ni milisekunde 80. Ilitengenezwa kwa waya wa jengo moja, na hutarajia majibu ya jengo moja. Kwa njia yetu ilikatikakatika hadi tukaiacha. Itifaki nayo ina umbo la mahali ilipozaliwa, na emuleta haiwezi kulibadilisha.

Kwa nini mlango ufungwe

Msomaji atauliza kwa nini nisiwaunganishe majirani bila kusimba, maana nani ataka kuiba siri za mashine ya 1977. Jibu liko katika tarehe 16 Oktoba 1989. Siku hiyo, zikiwa zimebaki siku mbili chombo cha Galileo kirushwe kuelekea Jupita, mnyoo wa kompyuta ulioitwa WANK ulienea kwenye mashine za VMS katika mtandao wa DECnet uliotumiwa na NASA. Haukuvunja kufuli lolote la ajabu. Ulijaribu akaunti ambazo nenosiri lake ni sawa na jina, na akaunti ambazo wenyewe walizipokea kiwandani na kuziacha zilivyo. Ulibadilisha tangazo la kuingilia likawa la kisiasa, ukawatisha watu kwamba mafaili yao yanafutwa, na ukawapigia watumiaji kengele kwenye skrini zao.

Mashine tunazozifufua ni zile zile. DECnet hupeleka nenosiri wazi kwenye waya, mtu yeyote aliye njiani analisoma. Hakuna atakayetoa marekebisho ya usalama ya VMS ya VAX. Kuwa mwaminifu kwa mashine ya kale maana yake ni kuiacha na udhaifu wake, na kwa hiyo ulinzi hauna budi kukaa nje yake. VPN hapa ni waya na ukuta kwa pamoja: ndani ya ukuta mashine huishi kwa imani ya zama zake, na nje hakuna anayejua kuwa zipo. Kila anayeingia na awe na cheti chake, na cheti kiweze kufutwa. Aliye Tanzania akumbuke pia kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao kutoa taarifa za matumizi hayo. Afuate utaratibu, ili kazi safi isionekane ya kificho.

Haya yote hayako kwa DEC tu. Mchezo wa Doom, uliotoka Desemba 1993, uliwakutanisha wachezaji wanne kwa itifaki ya IPX ya Novell, na toleo lake la kwanza lilitangaza kila pakiti kwa mtandao mzima hadi ofisi zikaziba. Leo DOSBox, emuleta ya kompyuta za DOS, ina amri ya IPXNET inayoifunga IPX ndani ya pakiti za UDP, zinazosafiri juu ya IP. Watu wanne walio miji minne wanaweza kuwa kwenye meza moja ya 1993. Na kwa DECnet, wapo wapenzi wa HECnet, mtandao wenye mizizi Uppsala, Sweden, waliogawana maeneo yale 63 na kuunganisha mashine halisi na za emuleta katika nchi nyingi. Linux yenyewe iliiondoa DECnet kwenye kiini chake mwaka 2022. Kadi ya tap haijali. Hubeba 6003 kama inavyobeba 0800.

Simu ya herufi

Jioni moja niliandika PHONE PWEZA::AMI.

PHONE ni programu ndogo ya VMS. Kwenye skrini ya unayempigia hutokea mstari unaosema fulani anakupigia, na saa yake, na hurudiwa kila sekunde 10 hadi aitike. Akiitika, skrini hugawanyika: juu maneno yako, chini maneno ya mwenzako. Hakuna kitufe cha kutuma. Kila herufi hufika inapobonyezwa.

*Salaam alaikum ami. Wanisoma?*

Nusu ya chini ikabaki tupu. Kisha herufi moja, halafu ya pili, kwa mwendo wa mtu anayetafuta kibodi kwa kidole.

*Alaikum salaam. Nakusoma herufi kwa herufi mwanangu.*

Aliandika neno akakosea, nikaona kosa, nikamwona analirudia nyuma na kulifuta, nikamwona anasita. Katika ujumbe wa simu za leo humwoni mtu akisita. Aliniambia habari za mwenzake wa zamu, aliyekuwa kwenye jengo jingine na VAX nyingine, na jinsi walivyopigiana PHONE saa tisa za usiku kuulizana nani ataleta chai. Miaka mingi walikuwa majirani wa waya kabla hawajaonana uso kwa uso.

Nikawaza pia habari za upande wetu. Mwaka 1974, DEC ikianza kuunganisha mashine zake za kwanza, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona gharama na hasara za zile ilizokuwa nazo. Vijana wa wakati ule waliisoma zama hiyo kwa mbali, kama walivyoisoma wengi wa Afrika Mashariki. Sasa mwanafunzi wa Tanga au Kisumu mwenye kompyuta ya kawaida aweza kuwa mwendeshaji wa VAX usiku huu, na akawa na majirani. Historia hii haikutupitia mlangoni, lakini mlango haujafungwa.

Kimoja tu hakikuwa mikononi mwetu. Leseni za bure za VMS kwa wapenzi wa VAX zilisitishwa mwaka ule ule wa 2020, na za mwisho zilikuwa na kikomo cha tarehe 31 Desemba 2021. Tuliziheshimu. Usiku wa tarehe hiyo ami aliizima PWEZA kwa utaratibu wa zamu yake ya zamani, hatua kwa hatua. Mimi nikaiacha KASA ikiwaka. Zikapita sekunde 45 hivi, na kwenye skrini ya mwendeshaji ukatokea mstari wa kusema jirani hasikiki tena.

Wiki iliyofuata tulianza upya na 4.3BSD, Unix ya 1986 ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambayo ilikuwa huru kwetu kwa sababu kampuni ya Caldera ilizifungulia leseni Unix za kale mwaka 2002. Njia ilikuwa ile ile, seva ile ile, vyeti vile vile. Sikugusa kitu. Ami aliniuliza jambo moja tu: mashine ya tatu tuiite nani? Mwenzake wa jengo la pili alikuwa amepata habari, naye anataka nafasi kwenye waya.